Uzi: Disketi ya zamani ikikuomba uifomati, kataa. Fahamu kwanza data ilivyopangwa ndani yake

Fundi wa Langoni (mwanzilishi wa uzi)

Assalaam aleikum wana jukwaa. Wengi wanaoleta disketi za zamani dukani kwangu hapa Lamu huwa wameshazijaribu kwenye kompyuta nyingine, na kompyuta hiyo imewajibu kwamba disketi haijafomatiwa, kisha ikawauliza kama wangependa kuifomati. Wapo waliokubali. Swali hilo la kompyuta linapotosha, kwa sababu mara nyingi kilichoharibika ni sehemu ndogo ya ukingo wa nje, ambako ramani ya disketi nzima imewekwa, ilhali maandishi yenyewe yako salama upande wa ndani. Anayejua mpangilio huo anaweza kuyafikia hata bila ramani, na asiyeujua huyafuta kwa mkono wake mwenyewe.

Nitajikita kwenye disketi ya inchi 3.5 yenye ujazo unaoitwa MB 1.44, kwa kuwa ndiyo iliyojaa kwenye masanduku ya watu wa mwambao. Wakubwa wake ni ile ya inchi 8 ambayo IBM iliileta mwaka 1971, na ile ya inchi 5.25 iliyotoka kwa kampuni ya Shugart Associates mwaka 1976. Sony ilileta ya inchi 3.5 mwaka 1981, na hii ya MB 1.44 ikaenea kuanzia mwaka 1987 ilipowekwa kwenye kompyuta za IBM PS/2. Zote zinafuata kanuni moja. Zinachotofautiana ni hesabu.

Ndani ya kasha gumu mna duara jembamba la poliesta lililopakwa unga wa sumaku pande zote mbili. Draivu hulizungusha mara 300 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja huchukua milisekunde 200, na vichwa viwili vya kusomea, kimoja juu na kimoja chini, hugusana nalo kabisa. Kwenye diski ngumu kichwa huelea juu ya hewa. Kwenye disketi kinasugua, na ndiyo sababu punje moja ya mchanga wa Shela inaweza kuleta msiba. Mota husogeza vichwa hivyo kutoka ukingoni kuelekea katikati kwa vituo 80. Santuri ya taarabu ina mfuo mmoja unaojizungusha mpaka katikati, lakini disketi ina njia 80 kila upande, na kila njia ni duara lililojifunga lenyewe. Njia mbili zinazotazamana, ya juu na ya chini, kwa pamoja huitwa silinda. Silinda 0 ndiyo ya nje kabisa. Naomba mlikumbuke hilo, kwani hoja yangu yote imesimama juu yake.

Kila njia imegawanywa sekta 18, na kila sekta hubeba baiti 512 (baiti moja ni biti nane, na biti ni 1 au 0). Mipaka hiyo haikuchongwa popote. Imeandikwa kwa sumaku wakati wa kufomati. Ukiifuata sekta moja tangu mwanzo wake, kwanza utakuta mfululizo wa baiti za sifuri unaoiwezesha draivu kuoanisha mwendo wake, kisha alama tatu za A1 (namba ya msingi wa 16, unaotumia tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F) zilizoandikwa kwa makusudi kinyume cha kanuni ili zisiweze kufanana na data yoyote, kisha anwani yenye namba nne, yaani silinda, upande, sekta na ukubwa wa sekta, na baada yake namba ya ukaguzi ya biti 16. Hufuata pengo dogo, alama nyingine, baiti 512 zenyewe, na namba nyingine ya ukaguzi. Kompyuta inapolalamika kwamba kuna kosa la kusoma, mara nyingi maana yake ni kwamba namba ya ukaguzi iliyokokotolewa sasa hailingani na ile iliyoandikwa zamani. Baiti moja ikiharibika, mfumo hukataa sekta nzima, hata kama zile 511 zilizobaki hazina dosari.

Kuhusu biti zenyewe, wengi hudhani kwamba 1 ni sumaku ya kaskazini na 0 ni ya kusini. Sivyo. Kinachosomwa ni mageuko, yaani mahali ambapo uelekeo wa sumaku unabadilika. Katika mtindo wa MFM unaotumiwa na disketi hizi, 1 huwa na geuko katikati ya nafasi yake. 0 haina geuko hapo, ila sifuri mbili zikifuatana huwekewa geuko mpakani mwao ili draivu isipotee njiani. Kwa hiyo geuko moja hufuata jingine baada ya mikrosekunde 2, 3 au 4, na kila herufi uliyopata kuiandika kwenye disketi hutokana na kupima urefu wa vipindi hivyo vitatu tu. Mimi binafsi hili hunistaajabisha kuliko uwezo wa simu zetu za leo.

Sasa tuje kwenye mpangilio ambao DOS (mfumo wa kuendeshea kompyuta uliotangulia Windows) na Windows huuweka juu ya sekta hizo, ambazo jumla yake ni 2,880. Mfumo huzihesabu kwa mstari mmoja kuanzia 0: kwanza sekta zote za upande wa 0 wa silinda ya nje, kisha za upande wa 1, ndipo vichwa visogee kwenye silinda inayofuata. Sekta 0 ni ya kuwashia kompyuta. Ina maelezo ya disketi yenyewe, kama idadi ya sekta kwa kila njia na ukubwa wa majedwali, na huishia kwa baiti 55 AA. (Hapo ndipo kirusi cha Brain, kilichotoka Lahore, Pakistan, mwaka 1986, kilipojipachika, kwa kuwa sekta hiyo huendeshwa kabla ya kitu kingine chochote.) Sekta 1 hadi 9 ni jedwali la mgao wa mafaili, ambalo kwa aina hii huitwa FAT12. Sekta 10 hadi 18 ni nakala ya pili ya jedwali hilo. Sekta 19 hadi 32 ni saraka kuu, na data ya mafaili huanzia sekta 33.

Saraka kuu ina nafasi 224, kila moja ya baiti 32. Humo huandikwa herufi 8 za jina la faili na 3 za aina yake, sifa zake, saa na tarehe, namba ya klasta ya kwanza (klasta ni kipande kidogo kabisa cha nafasi ambacho mfumo hulipa faili), na ukubwa wa faili. Miaka huhesabiwa kuanzia 1980, na sekunde huandikwa kwa hatua za mbili mbili, ndiyo maana saa ya faili la DOS haina sekunde ya witiri.

Kwenye disketi hii klasta moja ni sawa na sekta moja, na hesabu ya klasta huanzia 2. Klasta 2 ni sekta 33, klasta 3 ni sekta 34, na kuendelea. Unaongeza 31 tu. Saraka hukuambia klasta ya kwanza ya faili, na jedwali hukuambia inayofuata. Kila nafasi ya jedwali ina biti 12, hivyo nafasi mbili hubanwa ndani ya baiti tatu. Ukiifungua sekta 1 kwa programu inayoonyesha baiti kwa namba za msingi wa 16, utaona mathalani F0 FF FF 03 40 00 05 60 00. Tatu za mwanzo ni za mfumo, F0 ikiwa ni alama ya aina ya disketi. Kisha kuna 03 40 00. Ichukue 03 na uitangulizie tarakimu ya pili ya 40, upate 003. Sasa ichukue tarakimu ya kwanza ya 40, yaani 4, uitangulizie 00, upate 004. Maana yake ni kwamba klasta 2 inafuatwa na klasta 3, na klasta 3 inafuatwa na klasta 4. Namba yoyote kuanzia FF8 hadi FFF ni mwisho wa faili, FF7 ni klasta mbovu, na 000 ni klasta isiyo na mwenyewe.

Faili likifutwa, herufi ya kwanza ya jina lake kwenye saraka hugeuzwa kuwa E5, na nafasi zake kwenye jedwali hurudishwa 000. Basi. Klasta ya kwanza na ukubwa wa faili hubaki kwenye saraka, na maandishi yote hubaki yalipokuwa mpaka faili jingine liandikwe juu yake. Kufomati kwa haraka nako husafisha majedwali na saraka tu, lakini kufomati kikamilifu kwenye Windows huandika upya kila njia ya disketi, na baada ya hapo hata mimi siwezi kukusaidia.

Binti wa Mkomani

Waaleikum salaam, Fundi. Nina swali la hesabu kabla sijaleta la pili. Boksi la disketi za marehemu baba limeandikwa MB 2.0, lebo ya disketi inasema MB 1.44, na kompyuta inasema kuna nafasi ya baiti 1,457,664. Ipi ni ya kweli?

Fundi wa Langoni

Zote ni za kweli, dada yangu, isipokuwa ile ya katikati ina ujanja. Draivu huandika biti 500,000 kwa sekunde, na kwa kuwa mzunguko mmoja ni milisekunde 200, njia moja huingia biti 100,000, yaani baiti 12,500. Zidisha kwa njia 160 upate baiti 2,000,000. Hiyo ndiyo MB 2.0 ya kwenye boksi, disketi ikiwa bado haijafomatiwa. Kufomati huitoza kodi: mapengo, anwani na namba za ukaguzi hula zaidi ya robo ya kila njia, na kinachobaki ni sekta 18 za baiti 512. Jumla yake kwa disketi nzima ni baiti 1,474,560. Ukiigawa kwa 1,024 unapata KB 1,440, kisha wauzaji wakaigawa kwa 1,000 kupata 1.44, wakachanganya vipimo viwili katika namba moja. Ondoa sekta 33 za mfumo, zinabaki 2,847, na 2,847 mara 512 ni hiyo 1,457,664 uliyoiona.

Baharia wa Matondoni

Fundi, umeeleza vizuri, lakini nina pingamizi. Umesema mwenyewe kwamba jedwali lina nakala mbili. Walioubuni mfumo huu waliona mbali, wakaweka akiba. Iweje basi useme ramani ndiyo inayokufa kwanza?

Fundi wa Langoni

Pingamizi lako ni zuri, nahodha, na jibu lake limo ndani ya hesabu. Upande wa 0 wa silinda 0 una sekta 18, yaani sekta 0 hadi 17. Humo mna sekta ya kuwashia, jedwali la kwanza lote, na sekta nane kati ya tisa za jedwali la pili. Ni sekta 18 pekee iliyovuka upande wa pili. Akiba na kinachowekewa akiba vimelazwa kwenye duara moja, vikisuguliwa na kichwa kimoja. Mkwaruzo unaofuata mzunguko wa disketi hauchagui. Unavichukua vyote viwili. Nakala ya pili hukufaa pale tu ambapo sekta moja moja imeharibika.

Zaidi ya hayo, silinda 0 ndiyo inayofanyiwa kazi nyingi kuliko nyingine zote, kwa sababu kila faili linapoandikwa au kufutwa, vichwa hurudi huko kurekebisha saraka na jedwali. Kwa maoni yangu wabunifu walitafuta wepesi wa kusoma kuliko usalama. Wangeliweka jedwali la pili kwenye silinda ya 40, tungekuwa na malalamiko machache sana.

Sasa tazama faida ya kuujua mpangilio. Saraka kuu, sekta 19 hadi 32, iko upande wa 1. Disketi ikichubuka upande wa 0 pekee, majina yote bado yapo. Nina mfano ulioko mezani kwangu: jedwali halisomeki hata sekta moja, lakini kwenye saraka kuna faili ambalo baiti sita za mwisho za nafasi yake ni 3A 00 84 1C 00 00. Namba hizi huandikwa mkia ukitangulia, hivyo 3A 00 ni 003A, yaani klasta 58, na 84 1C 00 00 ni 00001C84, yaani baiti 7,300. Klasta 58 ni sekta 89. Gawanya 89 kwa 36 ili upate silinda: ni 2, na inabaki 17. Hiyo 17 haijafika 18, kwa hiyo tuko upande wa 0, na kwa kuwa sekta ndani ya njia huhesabiwa kuanzia 1, ni sekta ya 18 ya njia hiyo. Baiti 7,300 zinahitaji sekta 15. Nilizisoma sekta 89 hadi 103 kwa mfululizo, na faili likatoka zima, bila jedwali.

Njia hii hufaulu pale faili lilipoandikwa kwa mfululizo, na kwenye disketi iliyojazwa mara moja kisha ikawekwa kabatini, hali huwa hivyo. Kwenye disketi iliyofutwa na kuandikwa mara kwa mara, vipande huwa vimetawanyika, na inabidi usome kila sekta kwa macho na kuunganisha sentensi. Inachosha, lakini kwa mwenye shairi au hati ya shamba inafaa.

Mwalimu Mstaafu, Malindi

Ndugu Fundi, shukran kwa darsa. Miaka ya tisini, umeme hapa Malindi ukikatika wakati tunahifadhi mtihani, disketi ilionyesha jina la faili lakini ukubwa wake ni 0. Tuliamini kwamba kazi imepotea, tukaichapa upya. Ninazo bado baadhi ya disketi hizo. Tulitumia WordPerfect, programu ya kuandikia.

Fundi wa Langoni

Mwalimu wangu, kuna uwezekano mkubwa kwamba kazi hiyo imo humo hadi leo. DOS huandika data kwenye klasta wakati programu inaendelea kutuma, lakini ukubwa wa faili huandikwa kwenye saraka pale faili linapofungwa. Umeme ukikatika katikati, jina linabaki na ukubwa wa 0, huku maandishi yakiwa yamekaa kwenye klasta zisizo na jina. Kama jedwali lilikuwa limeshaandikwa, programu ya CHKDSK huutambua mnyororo huo usio na mwenyewe na kuugeuza kuwa faili liitwalo FILE0000.CHK, ukilibadilisha jina huenda likafunguka. Naomba lakini usiiendeshe juu ya disketi yenyewe, kwa sababu inaandika. Iendeshe juu ya nakala.

Kama jedwali halikuwahi kuandikwa, tunatumia njia nyingine. Faili la WordPerfect kuanzia toleo la 5 huanza kwa baiti FF 57 50 43, na tatu za mwisho kati ya hizo ni herufi WPC. Katika nakala ya disketi nzima tunatafuta baiti hizo mwanzoni mwa kila sekta, na kila zinapoonekana ndipo faili fulani lilipoanzia, liwe na jina au lisiwe nalo. Kama kuna aliyetumia WordStar za zamani, programu nyingine ya kuandikia, asishtuke akiona herufi ya mwisho ya kila neno imegeuka kuwa alama ya ajabu. Disketi haijaoza, WordStar iliwasha biti ya nane ya herufi hiyo kwa ajili ya kupanga mistari, na ukiizima biti hiyo maandishi yanarudi kuwa safi.

Binti wa Mkomani

Swali langu la pili ni hili. Nimekivuta kifuniko cha chuma cha disketi moja ya baba, nikaona madoa meupe juu ya duara. Je, niifute kwa kitambaa?

Fundi wa Langoni

Hapana, dada, na tafadhali usiitie kwenye draivu yoyote kwa sasa. Hayo ni kuvu, na kwa unyevu wa kisiwa chetu ndiyo maradhi ninayoyaona zaidi. Ukiitia, kichwa kitaikwangua kuvu pamoja na unga wa sumaku, kisha kitabaki na uchafu huo na kuikwaruza disketi itakayofuata, hata kama ni nzima. Iache ikauke mahali penye hewa na kivuli, mbali na jua. Baadaye tutalizungusha duara kwa mkono kutoka kwenye kitovu chake cha chuma, huku tukipitisha pamba yenye spiriti safi ya isopropili, upande mmoja baada ya mwingine, na vichwa vya draivu vitasafishwa kila baada ya disketi.

Kabla ya kusoma disketi yoyote, sogeza kile kigae kidogo cha pembeni mpaka tundu lionekane wazi. Tundu likiwa wazi, draivu haiwezi kuandika. (Zile za inchi 5.25 ni kinyume chake: pengo likizibwa ndipo zinapofungwa.) Halafu tengeneza nakala ya sekta zote, itakayokuwa na baiti 1,474,560 kamili. Mimi hutumia ddrescue kwenye Linux, kwa sababu hukumbuka sekta ipi imesomwa na ipi imekataa. Disketi hiyo hiyo ukiipeleka kwenye draivu nyingine, programu hurudi kwenye zile zilizokataa tu. Vichwa vya draivu mbili huwa havikukaa sawasawa kabisa, na sekta iliyogomea moja mara nyingi hukubali kwa nyingine.

Mtu wa Shela

Nami nina disketi zilizoachwa na Mzungu aliyekuwa akikaa jirani yetu, zimeandikwa kwa kompyuta ya Macintosh. Draivu yangu ya USB haioni kitu kabisa. Je, hesabu hizi zinafaa kwake?

Fundi wa Langoni

Inategemea tundu, ndugu yangu. Ziangalie pembe mbili zilizo mkabala na upande wenye kifuniko cha chuma. Kama kuna matundu mawili, moja la kufungia na jingine upande wa pili, hiyo ni ya MB 1.44, na Macintosh huiandika kwa MFM kwa sekta 18 kama yetu. Draivu yako inaweza kuisoma sekta kwa sekta. Kinachotofautiana ni saraka na majedwali, ambayo ni ya mfumo wa HFS, hivyo unachukua nakala nzima na kuifungua kwa programu inayouelewa.

Kama kuna tundu moja tu, yaelekea ni ya KB 800, na hiyo ni habari nyingine. Apple waliona kwamba njia za nje ni ndefu kuliko za ndani, wakakataa kuzipa sekta sawa. Wakazigawa njia 80 katika kanda tano za njia 16, zenye sekta 12, 11, 10, 9 na 8, na draivu yao ikawa inabadilisha kasi ya mzunguko kadiri kichwa kinavyosogea. Biti nazo wakaziandika kwa mtindo wa GCR badala ya MFM. Draivu ya USB imefungiwa ndani ya MFM, kwa hiyo itakuambia daima kwamba disketi ni tupu. Dawa yake ni kifaa kama Greaseweazle, kinachounganishwa na draivu ya kawaida ya kompyuta ya mezani na kurekodi muda kati ya geuko na geuko bila kujali mtindo, kisha programu ndiyo inayofasiri. Nitenganishie zenye matundu mawili uniletee kwanza, na hizo nyingine uzihifadhi kwenye chombo kikavu, bila kukubali kuzifomati.